Picha Safi za Mke Wangu

Mtaani wananiita Fundi Sura, na sitaficha kwamba jina hilo lilinivimbisha kichwa kwa miaka mingi. Nina studio ya picha, chumba kimoja chenye pazia la bluu, kiti cha kuzunguka, taa mbili na kompyuta ambayo ikigoma ni mimi peke yangu ninayejua kuibembeleza. Watu huja kupiga picha za kitambulisho, za mahafali, za kutundika sebuleni. Kupiga ni dakika moja tu. Kazi yenyewe ni kusafisha: unaikuza sura mpaka pua inajaa skrini nzima, unashika kipanya, unafuta chunusi, unafuta mikwaruzo, unapunguza weusi chini ya macho, unalainisha mikunjo ya paji la uso. Mama wa miaka sitini anatoka kwangu na sura ya miaka arobaini. Anaitazama picha, anacheka peke yake, na wiki inayofuata analeta dada zake wawili.

Aliyenifundisha kazi alinipa kanuni moja. Kitakachoondoka chenyewe ndani ya wiki mbili, kifute. Kitakachobaki, kiache, ni cha mwenyewe. Chunusi unafuta, lakini baka la kuzaliwa huligusi, na ukiwa na shaka unauliza. Ni kanuni nzuri, na nimeifundisha kwa vijana watatu ambao leo wana studio zao. Nawaambia mapema ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Mke wangu ni mwalimu wa michezo, na hata nyumbani tunamwita Mwalimu. Miaka ishirini na saba amesimama uwanjani na filimbi mdomoni, jua likimpiga usoni kuanzia asubuhi. Kofia alikuwa haitaki. Alidai watoto wasipoyaona macho ya mwalimu hufanya wanavyotaka, na kwa hilo alikuwa sahihi, maana macho yake yaliweza kumsimamisha mtoto aliye upande wa pili wa uwanja. Mwaka huu alitimiza hamsini na moja. Mzazi mmoja, kwa adabu zake zote, akamuuliza kama anastaafu mwezi ujao au mwaka ujao. Mwalimu alirudi nyumbani amenuna, akaenda moja kwa moja bafuni, akasimama mbele ya kioo akivuta ngozi ya mashavu na kuiachia.

"Hivi mimi nimezeeka?" akaniuliza.

"Umekomaa," nikamjibu.

Nilidhani ni utani mzuri. Haukuwa utani mzuri hata kidogo.

Siku chache baadaye akaja na mfuko wa vikopo alivyouziwa na mwalimu mwenzake. Vilikuwa vitano. Kimoja kilikuwa cha kung'arisha, kingine cha kukaza ngozi, kingine cha kuchubua kwanza ndipo ukaze, na kimoja hakikuwa na maandishi yoyote, kinanuka kama rangi ya kucha. Mdogo wake, ambaye ni muuguzi, alitutembelea Jumamosi. Alipoviona akavimwaga vyote mezani kama mtu anayepekua mzigo wa mshukiwa.

"Dada, hiki kakupa nani? Hakina jina, hakina tarehe, halafu unajipaka usoni?"

"Sasa nifanyeje? Nikae tu nisubiri ninyauke?"

"Acha kuhangaika. Osha uso asubuhi na jioni, kwa sabuni laini isiyo na manukato. Ngozi ikiwa bado ina unyevu, paka losheni ya kawaida. Asubuhi juu yake paka krimu ya kukinga jua, na ukiwa uwanjani mchana uipake tena, hata kama kuna mawingu. Na kofia, dada. Kofia pana, siyo zile ndogo za kuonyesha nembo ya shule."

"Hayo tu?"

"Na ulale. Wewe hulali, unapanga ratiba za mechi za watoto mpaka unasinzia juu ya meza. Hayo tu. Lakini kila siku, siyo siku ukikumbuka."

Mimi nilikuwa nimeegemea mlango na kikombe changu cha chai, nikaangua kicheko. "Shemeji, unamchosha dada yako bure. Mikunjo yote hiyo mimi naitoa kwa dakika tatu, na sihitaji hata maji."

Shemeji yangu na mimi tumetaniana tangu nikiwa mchumba, na mara nyingi hucheka hata utani ukiwa mbovu. Siku hiyo hakucheka. "Wewe unasafisha karatasi, shemeji," akasema. "Mimi nazungumzia ngozi ya dada yangu." Mwalimu akavirudisha vile vikopo mfukoni, akafunga fundo, akavitupa.

Basi akaanza. Nani asiyemjua mwalimu wa michezo? Akishakubali zoezi, amekubali. Kila asubuhi saa kumi na mbili na robo aliketi kando ya dirisha la chumbani, uso umeoshwa, akijipaka kwa ncha ya kidole kimoja, duara baada ya duara, kutoka paji la uso mpaka kidevuni, na nyuma ya masikio hakusahau. Alinunua kofia pana ya majani ambayo watoto waliicheka siku mbili kisha wakaizoea. Vile vikorokoro vya wenzake vya kujibandika na kujichubua hakuvitaka tena. Mwezi wa kwanza ulipokwisha nilikiri moyoni kwamba uso wake umetulia, ule ukavu wa kando ya midomo umekwisha, na hata yeye mwenyewe amechangamka. Kwa mdomo sikusema. Mimi ni mtu wa kusema utani haraka na sifa kwa kuchelewa.

Asubuhi moja katika mwezi wa pili, kidole chake kilisimama kwenye shavu la kushoto, karibu na pua.

"Hebu njoo uniangalie hapa."

Nikaenda. Kilikuwa kidoa cheusi, kidogo kuliko punje ya dengu, kimeinuka kidogo na ukingo wake unang'aa.

"Nilidhani ni doa la jua tu," akasema. "Sasa nikipaka krimu nahisi kidole kinapanda juu yake. Na juzi baada ya kuosha uso niliona damu kwenye taulo. Hiki kimeanza lini? Wewe ulishakiona?"

"Sijakiona," nikasema. "Labda mwanga wa dirisha tu."

Nilikuwa nimekiona. Nilikiona miaka minne iliyopita, nilipompiga picha ya kitambulisho kipya cha shule. Niliikuza sura yake na pale kando ya pua palikuwa na nukta nyeusi, kama ncha ya kalamu imegusa. Nikasema ni chunusi, nikaifuta. Mwaka uliofuata nikapiga picha ya walimu wote, na nilipofika kwake nukta ilikuwa pale pale, imenenepa. Kwa kanuni yangu mwenyewe, hapo nilipaswa kuacha kipanya na kuuliza. Sikuuliza. Mwaka ule alikuwa amemzika mama yake, uso umemwisha, na nilijiambia kwamba kumwonyesha mwanamke doa jipya usoni wakati kama huo ni kutafuta ugomvi. Lakini niseme ukweli: ilikuwa rahisi kufuta kuliko kuongea. Mwaka wa tatu binti yetu alihitimu chuo, nami nikakifuta kidoa hicho kwenye picha arobaini na mbili, moja baada ya nyingine, huku nasikiliza mpira redioni. Kufikia hapo mkono wangu ulikuwa unakwenda wenyewe, kama unavyokwenda kwenye swichi ya taa ya chumbani.

Shemeji alikuja kutuona siku iliyofuata, akakishika kile kidoa, akaacha utani wote, akatafuta nafasi kwa daktari wa ngozi pale anapofanya kazi. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya pole. Alikitazama kwa kioo chenye taa, akakipima kwa rula ndogo, akakitazama tena.

"Kipo tangu lini, mama?"

"Nimekigundua mwezi huu. Kabla ya hapo sijui. Mimi si mtu wa vioo, daktari. Nimeanza juzi tu."

"Una picha za zamani? Za miaka mitano hivi. Nahitaji kujua kimekua kwa kasi gani. Vitu kama hivi, kasi yake ndiyo inayonipa njia."

Mwalimu akacheka, mara ya kwanza wiki ile. "Daktari, mume wangu ana studio. Kitu tusichokosa nyumbani kwetu ni picha." Akanigeukia kwa fahari kabisa. Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Tukapewa siku tatu. Siku ya kwanza alikuja studio kutoka shule, filimbi ingali shingoni, akaketi kwenye kiti changu cha kuzunguka tukaanza kutafuta. Mimi huhifadhi picha iliyosafishwa tu. Ile ya kwanza, yenye chunusi zake na mikwaruzo yake, huifuta mara tu mteja akiridhika, maana nafasi kwenye kompyuta ni finyu na sikuwahi kuona mtu anayerudi kuuliza chunusi zake. Tukafungua mwaka hadi mwaka. Uso wa mke wangu ukapita mbele yetu laini kama sahani.

"Hapa hakipo," alikuwa akisema. "Na hapa hakipo. Hebu kuza. Hakipo."

Akampigia binti yetu, akamwomba picha za kwenye simu. "Mama, simu yangu inalainisha sura yenyewe," binti akasema. "Hata kovu langu la utotoni huwezi kuliona. Kwani Baba hana? Baba si ndiye mwenye mapicha?" Mwalimu akaenda shuleni, picha zilizotundikwa ofisini ni zangu. Akaenda kwa shangazi yangu, albamu nzima ni kazi yangu. Alirudi na picha kumi na moja, akazipanga kitandani kwa tarehe, akazitazama kwa muda mrefu.

"Ya mwisho ni ya miezi saba iliyopita," akasema, na sauti ikashuka. "Safi kabisa. Kwa hiyo hiki kitu ni kipya, Baba. Kimetoka patupu kikafika hapa kwa miezi saba."

Hapo nilipewa nafasi yangu, tena nikiwa nyumbani kwangu, mlango umefungwa, hakuna mtu wa kuniona uso ila yeye. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Tumpelekee daktari, yeye ndiye anayejua." Akazikusanya zile picha, akazitia kwenye bahasha. Usiku sikulala, na nina uhakika yeye pia hakulala, ila kila mmoja alimwachia mwenzake aonekane amelala.

Daktari alizipanga zile picha mezani kama alivyozipanga Mwalimu kitandani. Akaishika ya miezi saba, akaisogeza kwenye taa, akaiinua karibu na shavu lenyewe. Uso wake ukabadilika. Akavuta kiti, akakaa sawa mbele ya mke wangu.

"Mama, nitakwambia bila kuficha. Miezi saba iliyopita hapa hapakuwa na kitu. Sasa pana kitu kilichoinuka na kinatoa damu. Sipendi kasi hiyo. Kingekuwa cha miaka, ningekata kipande kidogo cha kupima, tukasubiri majibu ndipo tuamue. Lakini kwa picha hizi sithubutu kusubiri. Nakitoa chote leo, na nakata pana, kuanzia ukingo wa pua mpaka hapa. Kovu litabaki. Na mdomo upande huu huenda ukavutika."

"Filimbi nitaweza kupuliza?"

"Kwa miezi kadhaa, hapana. Baadaye sijui, mama. Siwezi kukuahidi."

Mwalimu akazitazama zile picha kumi na moja, akanitazama mimi, akajikaza. "Kata," akasema. "Bora nibaki na uso mbovu kuliko nisibaki." Muuguzi wa zamu, siyo shemeji, akaleta karatasi, mke wangu akatia sahihi. Akapanda kitandani mwenyewe. Muuguzi akavuta meza ya vifaa, akafunua kitambaa, akaanza kuvuta dawa ya ganzi kwenye sindano. Nilimwacha aivute yote. Nataka hilo lijulikane. Nilisimama pale na mikono miwili mizima na ulimi mzima, nikamtazama akigonga sindano kwa kucha ili mapovu yapande.

"Daktari, subiri," nikasema.

Wote watatu wakanigeukia.

"Hizo picha zinadanganya. Kidoa kilikuwapo. Nilikifuta."

"Ulikifuta vipi?"

"Ndiyo kazi yangu. Nasafisha sura. Kilikuwapo miezi saba iliyopita, na mwaka jana, na mwaka juzi. Mara ya kwanza kukifuta ni miaka minne iliyopita."

Daktari aliweka glavu chini. Hakunikaripia, na ningependa angenikaripia. "Unaweza kukumbuka ukubwa?" akauliza. Nikamwomba penseli. Watu wengine hukumbuka tarehe, mimi hukumbuka kingo, maana kufuta kitu ni lazima kwanza uzunguke ukingo wake wote. Nikamchorea nukta ya mwaka wa kwanza. Kando yake nikachora ya mwaka wa pili, imenenepa upande wa pua. Nikachora ya mahafali ya binti yetu, yenye umbo la figo. Nikachora ya miezi saba iliyopita, ambayo ilikuwa karibu sawa na hii ya leo, na ule mng'ao wa pembeni nikautia kwa kuacha karatasi nyeupe. Mwalimu alikuwa ameinuka nusu juu ya kitanda, ameegemea kiwiko, anautazama mkono wangu.

"Huu mchoro unanisaidia kuliko picha zote," daktari akasema, akiuelekeza kwenye taa. "Mama, hii ni habari nafuu. Hiki kinakua polepole. Vinavyokua hivi mara nyingi havina haraka ya kusambaa. Leo nitachukua kipande kidogo tu, majibu yatatoka baada ya wiki mbili, na hata kikiwa kibaya nadhani nitaacha mdomo wako salama." Kisha akanigeukia, na ile sauti ya pole haikubadilika. "Ungemleta kikiwa hivi," akaweka kidole juu ya nukta ya kwanza, "ningekitoa kwa mshono mmoja. Angerudi kazini siku ile ile."

Mwalimu akajilaza tena, akageuza uso upande wa ukuta, shavu la kushoto juu. Daktari akafanya kazi yake.

Tulitoka tukaketi ukumbini kwenye benchi, kusubiri dawa. Alikuwa na plasta ndogo kando ya pua. Nilitaka kumshika mkono, nikauona umekunjwa ngumi juu ya paja, nikauacha. Watu walipita na mafaili yao. Nikaomba moyoni anitukane.

"Ulikiona kila mwaka," akasema hatimaye.

"Nilikiona."

"Ukakikuza."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Unajua kwa nini nilianza kujipaka yale makrimu? Watu wanadhani ni yule mzazi. Yule hata simkumbuki uso." Alizungumza kwa upole, akitazama mbele. "Nilijua hunitazami tena. Miaka mingi hunitazami. Nikajiambia, ndivyo ndoa zinavyokuwa, mtu anazoea, hana kosa. Basi nijitazame mwenyewe. Asubuhi pale dirishani nilikuwa najionea huruma na kukuonea huruma wewe pia."

"Nisamehe."

"Kama usingekiona, ningekusamehe. Hapa hapa, leo hii, kabla sijainuka. Nilikuwa nimeshakusamehe hilo." Akagusa plasta kwa ncha ya kidole, akakiondoa haraka. "Kumbe ulikuwa unanitazama kuliko mtu yeyote."

Akainuka, akavuka ukumbi, akaketi kwenye benchi la upande wa pili, karibu na mama mmoja tusiyemjua, akamuuliza kama foleni ya dawa huwa inachukua muda.